Uyoga wa Karanga: Mboga Inayostahili Sufuria Kubwa

Hotuba kwa mama lishe, wapishi wa shule na wazazi, iliyotolewa mjini Iringa mwanzoni mwa msimu wa mvua

Mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa diwani, wahudumu wa afya wa vijiji na mitaa, mama lishe, wapishi wa shule, wazazi wenzangu, nanyi wanangu mliokaa kule nyuma, kamwene.

Naomba nianze kwa kutega kitendawili kama tulivyokuwa tukitegeana jikoni jioni: nyumba yangu ina nguzo moja. Jibu limetoka pande zote za ukumbi hata kabla sijamaliza, nami nimefurahi, maana ni dalili kwamba uyoga tunaujua tangu tungali watoto. Tunaujua kwa kitendawili hicho, tunaujua kwa harufu ya udongo uliolowa asubuhi baada ya mvua ya usiku, na wengi wetu tunaujua kwa mkono wa bibi uliotushika tusikanyage kichuguu kabla hajamaliza kuchuma. Tusichokijua vizuri ni thamani yake ndani ya sufuria. Mimi mwenyewe nimefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi na jambo hilo nimechelewa kulielewa, ndiyo maana nimekubali kwa moyo wote kuja kulizungumzia leo.

Sitazungumzia uyoga wote wa dunia. Nitazungumzia mboga moja tu, uyoga ulioungwa kwa karanga na kuliwa na ugali, ambayo ni mboga ya kwetu Nyanda za Juu Kusini, na ambayo mtu akivuka mpaka kuingia Zambia au Malawi ataikuta ikipikwa kwa namna ile ile. Mboga hii tumezoea kuipika kwa kuona haya. Mgeni akija tunaificha na kukimbilia kuku. Nyama ikipatikana tunaisahau. Na mtoto akiulizwa shuleni jana alikula nini, hasemi uyoga, kwa sababu amesikia watu wazima wakiuita nyama ya maskini. Mimi nasema haya hiyo haina msingi, na nitaeleza kwa nini kwa kufungua sufuria yenyewe.

Kwanza tutazame hali ya mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao asilimia 30 wa umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Kwa Iringa kiwango hicho kilikuwa karibu asilimia 57, Njombe asilimia 50, na Rukwa vivyo hivyo karibu asilimia 50. Tafadhali yasikilizeni majina hayo ya mikoa, maana siyo mikoa ya njaa. Ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage na mbogamboga, mikoa inayolisha miji mingine. Watoto wetu wanashiba, lakini wanashiba kitu kimoja: ugali mkubwa na mboga kidogo, asubuhi uji mweupe, jioni ugali tena. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara, maji yasiyo salama, mzigo wa kazi wa mama mjamzito na muda mfupi anaoupata wa kumlisha mtoto, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani uyoga peke yake utauondoa. Hata hivyo, mboga iliyo ndogo na dhaifu kando ya ugali mkubwa ni sehemu ya tatizo hili, na hiyo ni sehemu ambayo sisi wapishi tunaimudu.

Sasa tuuangalie uyoga wenyewe. Uyoga si mmea wala si mnyama, ni kuvu, na asilimia 90 hivi ya uyoga mbichi ni maji. Gramu 100 za uyoga mbichi wa mamama, ule mweupe au wa kijivu unaolimwa kwenye mifuko, zina nguvu ya kilokalori 33 tu, protini gramu 3 na kidogo, mafuta chini ya nusu gramu, nyuzinyuzi gramu 2 na zaidi, madini ya potasiamu miligramu 420 hivi, na vitamini ya kundi B iitwayo niasini karibu miligramu 5. Ukiukausha, maji yakaondoka, protini huwa kati ya sehemu ya tano na karibu theluthi moja ya uzito uliobaki, kutegemea aina. Hapo ndipo baadhi ya watu huchukua namba ya uyoga mkavu, wakailinganisha na namba ya nyama mbichi, kisha wakatangaza kwamba uyoga umeishinda nyama. Ulinganisho huo si wa haki, kwa sababu hakuna anayekula gramu 100 za uyoga mkavu kwa mlo mmoja. Zaidi ya hayo, sehemu ya naitrojeni inayopimwa ndani ya uyoga haitoki kwenye protini, bali hutoka kwenye kaitini, kitu kile kile kigumu kilichomo kwenye gamba la mdudu, na mwili wetu haukitumii kama protini. Ndiyo sababu wataalamu wanapokokotoa protini ya uyoga hutumia kizidisho cha 4.38 badala ya 6.25 kinachotumika kwa vyakula vingi. Uyoga ni chakula kizuri, wala hauhitaji kutiwa chumvi ya maneno ili upendwe.

Mtakuwa mmeliona tatizo tayari. Chakula chenye kilokalori 33 kwa gramu 100 hakiwezi peke yake kumkuza mtoto mwenye tumbo dogo. Bibi zetu hawakuwa na mizani wala majedwali, lakini waliuunga uyoga kwa karanga, na kwa kitendo hicho kimoja walijaza kila kilichopungua. Gramu 100 za karanga zina kilokalori zaidi ya 560, protini gramu 25 hivi, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Chukueni sufuria ya familia ya watu watano: nusu kilo ya uyoga mbichi, gramu 100 za karanga zilizosagwa, ambazo ni kama kikombe kidogo cha chai, nyanya mbili, kitunguu kimoja na chumvi. Uyoga unaleta protini gramu 16 hivi na karanga gramu 25 hivi, jumla gramu 41 au 42. Ukigawa kwa watu watano, kila mmoja anapata gramu 8 za protini kutoka kwenye mboga peke yake, pamoja na kilokalori zipatazo 145, kabla hajahesabu tonge hata moja la ugali. Linganisheni na mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Protini ya mahindi ina upungufu wa vijenzi viwili muhimu, laisini na triptofani, na ya karanga nayo haina laisini ya kutosha. Uyoga una laisini kwa kiwango kizuri, kama maharage yalivyo nayo, kwa hiyo vikikutana kwenye sahani moja vinasaidiana. Vilevile niasini iliyomo kwenye mahindi imejifunga kiasi kwamba mwili huipata kwa shida, na watu wanaoishi kwa mahindi matupu huweza kupatwa na pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi ya mikono na shingo, unaoleta kuharisha, na mwishowe kuvuruga akili. Msidhani hii ni habari ya vitabuni tu. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, mgao wa karanga ulipokatika na watu wakabaki na unga wa mahindi kama chakula chao kikuu, wagonjwa wa pelagra walizidi 17,000. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini, nazo zilipokosekana ngozi za watu zikaanza kubabuka. Sasa fikirini sufuria yetu, ambamo karanga na uyoga, vyote viwili vyenye niasini nyingi, vimewekwa pamoja kando ya ugali wa mahindi. Bibi aliyebuni mboga hiyo hakulijua neno niasini, lakini mimi namheshimu kama ninavyomheshimu mtafiti yeyote.

Niseme pia kisichokuwamo, kwa sababu mpishi anayejua pengo ndiye anayeweza kuliziba. Vitamini B12 haimo kwa kiasi cha kutegemewa, kwa hiyo mtoto bado anahitaji dagaa, maziwa au yai. Vitamini A na C ni kidogo mno, na dawa yake ni kukatia majani machanga ya maboga ndani ya sufuria hiyo hiyo dakika chache kabla ya kuipua, au kuweka kando kipande cha papai. Na mtu akiwauzia unga wa uyoga akidai unatibu saratani, kisukari na presha, mrudishieni chupa yake. Uyoga ni mboga, si dawa, na mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya chupa hiyo anajiweka hatarini.

Tuje kwenye ladha, ambayo kwangu ni nusu ya lishe, kwa sababu chakula kisichopendwa hubaki kwenye sahani. Kwa nini mchuzi wa uyoga una ladha inayofanana na ya supu ya nyama, ilhali hakuna hata mfupa ndani yake? Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alichunguza mchuzi uliopikwa kwa mwani wa baharini akagundua kwamba utamu wake, usio wa sukari wala wa chumvi, unatokana na glutamati. Akauita umami, na leo unahesabiwa kuwa ladha ya tano. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mjapani mwingine, Akira Kuninaka, alionyesha kwamba uyoga mkavu una kitu cha pili kiitwacho guanilati, na kwamba glutamati na guanilati zikikutana ladha haijumlishwi tu, bali inazidi maradufu. Guanilati hiyo hujitokeza zaidi uyoga unapokaushwa, ukalowekwa, kisha ukapashwa moto taratibu. Nyanya mbivu nazo zina glutamati nyingi. Kwa hiyo mama anayetia nyanya kwenye uyoga mkavu na kuuacha utokote polepole anafanya, bila kujua, kile kile ambacho mwanakemia alikifanya maabara. Faida yake kwa afya ni kwamba chumvi inaweza kupunguzwa bila mboga kupoa ladha, na wenzetu wenye presha wanajua maana ya jambo hilo.

Sasa mapishi, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Uyoga usilowekwe kwenye beseni la maji kama nguo. Unafyonza. Chambua, toa majani na udongo kwa kisu, kisha suuza haraka kwa maji yanayomiminika na uweke kwenye chujio. Uchane kwa mikono kwa urefu, usiukate vipande vidogo sana, isipokuwa kwa ajili ya mtoto. Bandika sufuria, na kabla ya mafuta, weka uyoga peke yake na chumvi kidogo. Utaona unaachia maji yake mwenyewe, mengi kuliko ulivyodhani. Acha yatokote mpaka yanywewe na uyoga uanze kushika chini kidogo na kubadilika rangi. Wapishi wengi hukosea hapa: wanatia mafuta na nyanya maji yakiwa bado yamo, uyoga unachemka badala ya kukaangika, na mboga inakuwa laini, ya kuteleza, isiyo na harufu. Maji yakishakauka ndipo tia kijiko cha mafuta na kitunguu, kaanga mpaka kitunguu kiive, halafu nyanya, na uziache zirojeke kabisa.

Karanga zikaangwe kidogo, zimenywe, zitwangwe kwenye kinu au zisagwe. Zikoroge kwanza kwenye bakuli kwa maji ya uvuguvugu mpaka ziwe laini kama uji mwepesi, ndipo umimine sufuriani huku unakoroga. Punguza moto. Karanga hazipendi moto mkali: zitafurika juu, na chini zitashika na kuungua, na harufu ya karanga iliyoungua haitoki. Koroga mara kwa mara kwa dakika 20 au zaidi mpaka mafuta yake yajitokeze juu na rangi igeuke kutoka weupe kuwa ya kahawia hafifu. Wala msiogope kwamba uyoga utavurugika kwa kukaa motoni muda huo, kwa sababu kaitini niliyoitaja haiyeyuki kwa joto la kupikia. Mchicha ukiuacha nusu saa unakuwa tope, nyama ukiipitiliza inakakamaa, lakini uyoga unabaki na uimara wake. Kwa mpishi wa shule anayepikia watoto 300 na asiyeweza kuipua kwa dakika aliyoitaka, sifa hiyo si ndogo.

Kuhusu maji ya kuchemshia nina jambo la kukiri. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba uyoga wowote uchemshwe na maji yake yamwagwe, nikidhani hiyo ni tahadhari. Kwa uyoga wa kulimwa, fundisho langu lilikuwa kosa, kwa sababu vitamini za kundi B na ule utamu wa umami huyeyuka kwenye maji, nasi tulikuwa tunamwaga kilicho bora na kula kilichobaki. Kwa uyoga wa porini hali ni tofauti: zipo aina ambazo wazee wameelekeza zichemshwe na maji yake yamwagwe, na maelekezo hayo yafuatwe bila kubishana, kwa sababu yamepatikana kwa watu kuumwa. Aina zote mbili, ya shambani na ya porini, ziive kikamilifu. Uyoga mbichi kwenye kachumbari siupendekezi.

Ndugu zetu wa Pwani wanaupika kwa nazi: tui jepesi kwanza, bizari, pilipili, na tui zito mwishoni, na ukiuonja ukiwa na wali unaelewa kwa nini hawaulizi karanga. Waswahili wa Lubumbashi na Katanga nzima, wanaoishi ndani ya misitu ile ile ya miombo tuliyonayo sisi, huuita bowa, na msimu wa mvua akina mama huupanga kando ya barabara kwa mafungu. Uganda, Waganda wanao ukoo mzima unaoitwa Butiko, yaani uyoga, na watu wa ukoo huo hawauli, kwa kuwa ndio mwiko wao. Nayataja haya ili mwenye kuona haya ajue kwamba chakula hiki kina heshima zake mahali pengi.

Karanga nazo zina jambo linalohitaji umakini. Zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi, ambayo huharibu ini na huhusishwa na udumavu wenyewe tunaoupiga vita. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki baada ya kula nafaka yenye sumukuvu. Ilikuwa mahindi, lakini karanga hushambuliwa na kuvu hao hao. Chagueni karanga moja moja kwenye ungo. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyopasuka au yenye uchungu itupwe, wala isipewe kuku. Na nawasihi msinunue karanga zilizokwisha kusagwa kwa mtu msiyemfahamu, kwa sababu kwenye unga hamwezi kuchagua tena.

Nimefika kwenye hatari ya uyoga wenyewe, na hapa naomba hata watoto wanyamaze wanisikilize. Uyoga wa vichuguuni hulimwa na mchwa. Mchwa hutafuna majani na miti mikavu, hujenga bustani chini ya ardhi, kuvu hukua juu yake na kuwamegea chakula, na mvua zikija kuvu huyo hupandisha uyoga juu. Mmoja wa jamaa hiyo, uliopewa jina la kisayansi mwaka 1980 kutokana na uyoga uliopatikana Zambia, kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja. Ukiuchimba taratibu utaona shina lake linaendelea chini kama mzizi mrefu kuelekea kwenye kiota cha mchwa, na katikati ya kofia mara nyingi kuna nundu iliyochongoka. Lakini upo uyoga mweupe mkubwa, unaopenda kuota kwenye nyasi za viwanja na bustani, unaofanana na uyoga wa kuliwa, ambao vikunjo vyake chini ya kofia hugeuka kijani kadiri unavyokomaa. Huo huwatapisha na kuwaharisha watu vibaya sana. Mchumaji anayekata shina kwa juu, akaacha mzizi ardhini bila kuutazama, amejinyima alama muhimu ya kutambua alichokichuma.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyouma mapema. Uyoga wenye sumu za kuua ini humwacha mtu akilala vizuri. Saa 6 hadi 24 baada ya kula ndipo kutapika na kuharisha huanza. Kisha hutulia, ndugu wanashukuru, na baada ya siku moja au mbili ini linaanza kushindwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kukaanga. Tena hakuna kipimo cha nyumbani kinachoigundua. Mmesikia kwamba uyoga wenye sumu hugeuza rangi ya kitunguu au ya sarafu ya fedha, na kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Si kweli, na imani hiyo imezika watu. Konokono na funza hula bila kudhurika uyoga unaomuua binadamu. Njia pekee ni kuufahamu uyoga kwa jina na kwa alama zake zote, kama unavyoifahamu sura ya mwanao, na usioufahamu hivyo uuache ulipo. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, hata kama amepata nafuu, apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga huo yabebwe.

Tena kuna jambo ambalo bibi zetu hawakulikuta. Milima yetu sasa imejaa misonobari na mikaratusi, miti iliyoletwa kutoka mbali, na miti ya aina hiyo inapohamishwa huja na kuvu wake kwenye mizizi na udongo. Uyoga unaoota chini ya misonobari haukuwamo katika elimu ya bibi, hata kama unafanana na ule aliokuonyesha. Maarifa ya miombo yatumike kwenye miombo.

Na hiyo miombo ndiyo inayokwisha. Uyoga mwingi tunaoupenda, kama ule wa manjano wenye umbo la tarumbeta, hauoti peke yake. Kuvu wake ameshikana na mizizi ya mti wa miombo ulio hai, mti unampa sukari naye anaupa maji na madini. Ukiukata mti kwa ajili ya mkaa, umeukata na uyoga wa miaka yote ijayo, na hakuna fundi aliyeweza kuufanya uyoga huo uwe zao la kupandwa kwenye mifuko kama mamama. Mheshimiwa diwani, unaposikiliza maombi ya vibali vya mkaa, naomba sufuria za akina mama nazo zihesabiwe. Wakati huo huo wapo wanaolima mamama kwa mabua, majani ya mpunga au majani makavu ya migomba yaliyochemshwa kuua vijidudu, kwenye banda lenye kivuli na unyevu, nao wanauza mwaka mzima. Kwa jikoni za shule huo ndio uyoga ninaoupendekeza, kwa sababu unajulikana ulikotoka.

Uyoga mbichi haudumu. Siku ya pili au ya tatu umeanza kuteleza. Anikeni. Uchaneni mwembamba, mtandaze juu ya chekecheke au mkeka safi ulioinuliwa kutoka ardhini, mfunike kwa chandarua kuzuia nzi, na vikunjo vitazame jua, kwa kuwa mwanga wa jua hugeuza kitu kilichomo ndani ya uyoga kuwa vitamini D. Kilo 10 mbichi zitawapa takriban kilo moja kavu. Umekauka pale unapoukunja ukavunjika kwa sauti, si pale unapokunjika kama ngozi. Hifadhini kwenye chupa au ndoo yenye mfuniko wa kubana. Siku ya kupika loweka kwa maji ya uvuguvugu nusu saa, toa uyoga, na yale maji yachujwe kwa kitambaa kuondoa mchanga, kisha yatumike kukorogea karanga.

Kwa mtoto aliyevuka miezi 6 na kuanza kula, mboga hii ya uyoga wa kulimwa ikatwekatwe au isagwe kabisa, ichanganywe na ugali laini au viazi vilivyopondwa, kijiko kimoja au viwili kwanza, na mama amwangalie kama karanga zinamdhuru. Uyoga wa porini asipewe mpaka awe mkubwa, kwa sababu mwili mdogo hauna nafasi ya kuhimili kosa la mchumaji.

Nimeambiwa jikoni wako tayari. Kuna sufuria mbili za mamama wa karanga, zenye kipimo kimoja cha karanga, nyanya na chumvi. Iliyo upande wa mlango imepikwa kwa uyoga mbichi uliochumwa leo asubuhi. Iliyo karibu na dirisha ni ya uyoga ulioanikwa, pamoja na maji yake ya kulowekea. Naomba kila mmoja aonje mchuzi wa sufuria ya mlangoni kwanza, anywe maji kidogo, kisha aonje wa dirishani, aniambie ni upi ulio na chumvi zaidi. Ugali unaletwa.